Nimemlipa Fundi Anikagulie Land Rover Iliyolala: Tathmini Yangu

Nianze na bei, maana najua ndiyo mtakayouliza kwanza. Fundi huyu wa Unga Ltd, Arusha, anachukua shilingi laki moja kukagua gari moja. Ukimtoa nje ya mji unaongeza nauli na chakula cha mchana. Mimi nilimvusha hadi Kilimanjaro akague mawili, jumla ikanitoka 260,000. Jina lake silitaji kwa sababu aliniomba hivyo. Wateja alionao wanamtosha na hapendi simu za usiku. Ukifika Unga Ltd ukaulizia mzee wa Land Rover anayetembea na nyundo, utaonyeshwa.

Magari yaliyoshuka melini mwaka juzi hayagusi. Hayo atakuambia uwapelekee vijana wenye kompyuta. Yeye ni Land Rover za zamani tu, na anachouza si matengenezo. Anakuambia mkweche ule, hapo hapo ulipo chini ya mgomba, leo una thamani ya shilingi ngapi. Hiyo ndiyo huduma ninayoitathmini hapa.

Mimi ni mhasibu. Hesabu za watu nazisoma kila siku na mtu akinitajia bei ya uongo huwa naisikia mapema. Chuma ndicho nisichokisoma. Nilikuwa natafuta Land Rover 109 ya Series III, yaani toleo la tatu la zile za zamani, ile ndefu, ya kufufua taratibu kwa akiba yangu, si ya kubebea watalii. Kwetu Kibosho gari hilo ndilo lililokuwa likipanda wakati wa masika magari mengine yakibaki chini. Siku za kawaida lilibeba kahawa, siku za msiba likabeba marehemu, na watoto tukalidandia siku zote mbili.

Soko lenyewe kwa sasa ni la wazimu. Tangu tamasha la Land Rover la Arusha la Oktoba 2024, kila mwenye chesisi na milango miwili nyuma ya nyumba anakutajia milioni nane bila kupepesa macho. Ukimuuliza kwa nini nane, anakwambia "si uliona kule kwenye tamasha?" Pale tuliona magari yanayotembea. Lake lina kuku.

Kuna gereji moja mjini iliyonipa ahadi ya "ukaguzi kamili wa kompyuta" kwa 70,000. Kwenye Series III hiyo kompyuta utaichomeka wapi? Gari lina kabureta, pointi na nyaya chache. Nikamtafuta mzee.

Kitu cha kwanza alichotaka kwangu kilikuwa picha za kadi ya gari na za namba ya chesisi. Hapandi basi bila hizo. Kwenye Series III namba hiyo imegongwa kwenye chuma cha chesisi, mbele upande wa kulia, pale springi inaposhikia. Unafuta tope, unapiga brashi ya waya, unapiga picha. Namba ikiwa tofauti na ya kwenye kadi, au mahali pale pamesagwa na grenda, anakuambia ubaki na laki yako. Vilevile gari likiwa bado na namba za zamani za TZ, yaani halikuwahi kuingia kwenye namba za T, anakutuma TRA kwanza ukaulize kama lipo kwenye mfumo wao. Ile ada ya leseni ya barabara iliyokuwa ikijilimbikiza kila mwaka hata kwa gari lililolala ilifutwa mwaka 2017, kwa hiyo siku hizi hofu ya deni ni ndogo kuliko zamani. Hofu ya kadi isiyo na mwenyewe ndiyo imebaki pale pale.

Gari la kwanza lilikuwa Boma Ng'ombe, mikononi mwa dalali. Milioni tisa. Rangi mpya ya kijani, matairi yamepakwa kiwi, injini inawaka kwa ufunguo mara moja. Ningekuwa peke yangu ningeshaanza kutafuta pa kuliegesha. Mzee hakuitazama rangi hata kidogo. Alitandika gunia, akalala chali chini ya gari, akaanza kugonga chesisi kwa nyundo ndogo kutoka mbele kwenda nyuma, pigo moja kila shubiri.

Hapa nieleze kidogo, maana ndipo pesa yote ilipo. Bodi ya Land Rover hizi sehemu kubwa ni aluminiamu. Zilipoanza kutengenezwa mwaka 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kilikuwa cha mgawo na aluminiamu ilikuwapo, nao wakaendelea hivyo hivyo. Ndiyo maana gari la miaka arobaini na zaidi unalikuta mabawa yako sawa na boneti iko sawa, nawe ukadhani zima. Chesisi ni ya chuma, tena imeundwa kama boksi lililo wazi ndani. Tope na maji huingia humo yakakaa, kutu ikala kutoka ndani kuja nje. Siku unapoiona kwa nje, ndani imeshamaliza kazi. Chuma kizima ukikigonga kinalia na nyundo inaruka mkononi. Kilicholiwa hakilii, kinasema "puh", na nyundo inabaki pale pale.

Lile la Boma Ng'ombe nyuma ya ekseli lilisema "puh" karibu mwendo mzima. Mzee akakwangua ile rangi nyeusi nzito kwa bisibisi, na chini yake tukakuta bati limechomelewa juu ya bati jingine. Boriti ya nyuma, ile inayobeba ndoano ya kuvutia, bisibisi iliingia hadi mpini. Akatoka chini, akajikung'uta, akaniita pembeni.

"Mama, hili gari lina rangi. Mgongo halina."

Hakutaja bei yoyote. Kwa maelezo yake, chesisi ikifika hapo unanunua spea, hununui gari, na spea zinauzwa moja moja. Muda wote aliotumia haukufika hata wa kunywa chai mbili, lakini laki yake alichukua yote. Mwanzoni niliona nyingi. Nilipokumbuka milioni tisa zilivyokuwa zinanukia rangi mbichi, nikanyamaza.

La pili lilikuwa Kibosho juu, kihambani, na kwa macho lilikuwa aibu. Matairi yamezama ardhini, kioo kimoja hakipo, kwenye viti kuku wametaga, na mche wa mparachichi umepenya kwenye bampa ya nyuma. Kijana wa marehemu mwenye gari alitaka milioni nane na nusu. Mama yake alitukaribisha vizuri, tukampa shikamoo na pole, tukaketi kwanza. Mzee wangu huyu ana adabu ya kazi: hajafungua boneti kabla ya kumsikiliza mama akisimulia mumewe alivyolipata kwenye mnada wa shirika la umma. Kumbe alikuwa anasikiliza kwa masikio ya fundi. Baadaye alinionyesha, chini ya tabaka la rangi nyeupe mlangoni, herufi SU, za Shirika la Umma, bado zinasomeka ukiweka tochi kwa ubavu. Gari la shirika, akasema, liliendeshwa vibaya lakini lilifanyiwa sevisi kwa tarehe.

Kijana yeye alituambia ni "la enzi za mkoloni". Mzee akacheka kimoyomoyo, akanielekeza dashibodi. Land Rover za kabla ya Series III zina saa za mwendo na mafuta katikati ya dashibodi; Series III, iliyoanza mwaka 1971, saa ziko mbele ya dereva. Zetu zilikuwa mbele ya dereva, na kadi ilisema 1978. Mkoloni gani wa 1978? Nalitaja hili kwa sababu ukongwe ni moja ya vitu unavyouziwa, na wauzaji wanapenda kurudisha miaka nyuma.

Halafu nyundo. Mbele ililia, katikati ikalia, ile mikono inayotoka kwenye chesisi kubeba bodi chini ya milango miwili ilikuwa imekufa, na kipande cha nyuma upande wa kushoto, pale tope la masika linapojaa, kikasema "puh" kwa urefu kama wa mkono wa mtu. Masikio ya springi yote yalikuwa mazima. Akanieleza kwamba hiyo inachomeleka kwa haki: unakata chuma kilichooza mpaka ukifikie kizima, ndipo unaweka kipya, hufuniki. Akaongeza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria, kwamba mahali gari lilipolala ni sehemu ya bei. Lililolala Longido kwenye ukavu na lililolala Tanga kwenye hewa ya chumvi si bei moja hata kama yametoka kiwandani siku moja. La Kibosho liko katikati: unyevu mwingi, chumvi hamna.

Kisha akatoa sumaku mfukoni. Kwenye mabawa na boneti ya aluminiamu sumaku haishiki. Ikishika, jua kuna mtu aliziba kwa bati na bodifila baada ya ajali. Bawa la kulia lilishika mahali pamoja padogo. Ule ukuta unaotenganisha injini na miguu ya dereva wenyewe ni wa chuma, kwa hiyo pale sumaku hushika kihalali, na ukikuta haishiki ndipo pa kuuliza. Miguuni pa dereva haikushika. Alifunua zulia akakuta tundu la kupitisha ngumi, limezibwa kwa gunia na rangi.

Injini aliiacha mwisho, na wala hakuniruhusu kuunganisha betri. Kijana alikuwa tayari na betri ya jirani na waya. Mzee akamzuia kwa upole: injini iliyolala miaka ukiipiga stata kavu, ringi zilizoshikana na kuta za silinda zinakatika, na hapo umeharibu kitu kilichokuwa kizima. Alitoa plagi zote nne, akamimina oili nyepesi kidogo kila tundu, akaiacha inywe wakati yeye yuko chini ya gari. Baada ya chakula akachomeka hendeli mbele, ile ya kuzungushia kwa mkono, akaegemea kwa uzito wake. Haikwenda. Akatikisa nyuma na mbele, nyuma na mbele. Tukasikia kitu kimeachia, na hendeli ikashuka nusu mzunguko. Mama mwenye nyumba alipiga kigelegele kidogo, jambo ambalo kwa mnunuzi si habari nzuri hata kidogo.

Akarudisha plagi, akazungusha tena taratibu akisikiliza kila silinda inavyombana. Tatu zilibana vizuri, ya nne kwa ulegevu. Stiki ya oili ilitoka nyeusi, si ya rangi ya maziwa, maana yake maji hayakuwa yameingia. Masta silinda ya breki na zile ndogo za magurudumuni alisema tusizijadili, zote ni za kubadilisha. Lile tufe la chuma nyuma ya gurudumu la mbele alilipapasa kwa kidole. Upande mmoja lilikuwa na vishimo vya kutu, na vishimo hivyo hukata sili na kuvujisha oili kila wiki.

Ndipo ikaja hesabu, na hapa ndipo aliponipata mimi mhasibu. Wenye magari huanza na bei yao, mnunuzi akaanza kushusha. Yeye anaanzia mwisho. Aliniuliza: 109 kama hii, inatembea, chesisi safi, kadi safi, leo Arusha utaipata kwa shilingi ngapi bila mbwembwe? Kwa tulivyokuwa tumeona sokoni, milioni kumi na tano. Sawa, sasa rudi nyuma. Kuchomelea chesisi 1,600,000. Ule ukuta wa mbele 600,000. Injini, kufungua hedi na kubadilisha ringi na gasketi bila kugusa krenki, 1,500,000. Breki zote 800,000. Matairi matano ya 7.50-16 kwa 1,500,000. Klachi na kufungua giaboksi 500,000. Nyaya 400,000. Breki dauni ya kulishusha 350,000. Viti, vioo na raba 750,000. Milioni nane kamili. Juu yake anaweka robo kwa ajili ya yale ambayo nyundo haikuyaona, milioni mbili. Kumi na tano toa kumi.

"Tano ndiyo mwisho wako. Ukilipa zaidi, hiyo ni zawadi ya msiba."

Upande wa chini nao aliufunga. Mnunuzi wa chuma chakavu alikuwa ameshawapa ofa ya 1,200,000, mama mwenyewe alitusimulia. Kwa hiyo mazungumzo yote yalikuwa kati ya hiyo na tano, na milioni nane na nusu ya kijana haikuwa na mahali pa kusimama.

Lakini kuna mzigo ambao hakuuweka kwenye hesabu kwa shilingi. Kadi ilikuwa kwa jina la marehemu, na mirathi haikuwa imefunguliwa. Mama si muuzaji, kijana si muuzaji, mpaka mahakama iteue msimamizi wa mirathi. Tena namba ya injini iliyokuwa kwenye bloku haikufanana na ya kwenye kadi, maana injini iliwahi kubadilishwa. Hiyo inarekebishika, lakini lazima taarifa zibadilishwe kabla hujahamisha umiliki. Aliniambia wazi nisitoe hata kishika uchumba. Nilisubiri. Familia ikaenda Mahakama ya Mwanzo, mama akateuliwa, na tukaandikiana kwa wakili kwa milioni nne na laki saba.

Sasa lawama zangu, maana hakuna malaika Unga Ltd.

Kubwa kuliko zote, mdomo. Pale nimekaza uso kama sijapenda gari, yeye kutoka chini, akiwa kwenye difu, lile boksi la gia la katikati ya ekseli, anapaza sauti: "Aisee, difu la nyuma la Salisbury, zima kabisa, hili siku hizi hulipati!" Kijana akasogea karibu. Nina uhakika sentensi hiyo ilinigharimu laki kadhaa. Ukienda naye, kubalianeni mapema kwamba sifa anasemea kwenye gari la kurudia.

Pili, haandiki. Ripoti yote ni ya mdomo, ukitaka kumbukumbu uandike mwenyewe, na ukimuomba asaini anakuangalia kama umemtukana. Kwa mtu anayetoza laki moja, karatasi moja yenye tarehe na namba ya chesisi si kubwa.

Tatu, makadirio yake ni mazuri kwa chuma na injini, ila umeme ni dhaifu kwake. Niliipeleka orodha ile kwenye gereji nyingine Moshi bila kuwaambia imetoka wapi. Chesisi walisema 1,700,000, injini walikaribiana naye sana, lakini nyaya zile za 400,000 wakasema 700,000, na walikuwa sahihi kwa sababu panya walikuwa wamekula mpaka ndani ya dashibodi. Ile robo ya tahadhari ndiyo iliyomeza tofauti.

Na nne, ambayo si kosa ila uijue: yeye pia ana gereji, na mwisho wa ukaguzi atakuambia kazi anaweza kuifanya. Mtu anayekadiria gharama za kazi anayotaka kupewa anaweza kujikadiria vizuri. Kwangu namba zake hazikuwa za kujipendelea, na gari la kwanza alilikataa wakati angeweza kupata miezi ya kazi kulichomelea. Hata hivyo orodha yake ipeleke kwa mwingine kwanza. Ni kazi ya nusu siku.

Nampa nyota nne. Ya tano nimeibana kwa ajili ya difu la Salisbury.

Kama unatafuta Land Rover ya Series, au 110 za mwanzo zilizokuja baada ya Series, na hujui kusikiliza chuma, mtoe Unga Ltd. Kama unataka Toyota iliyolala, hatakufaa, na mwenyewe atakuambia. Nenda asubuhi kabla ya saa tatu, baada ya hapo anakuwa chini ya gari la mtu. Nauli yake mpe ya kwenda na kurudi mkononi, na gunia la kulalia beba lako, maana lake nililiona.